Mapigo Manne ya Kimya

Jumanne, saa kumi kasorobo, Bi Noti alikuwa ameketi nyuma ya ukumbi wa mazoezi akishona kifungo cha sare ya mpiga klarineti, mdogo wake alipoitika. Aliitika kwa kuchelewa nusu pigo, kama alivyochelewa kila kitu tangu azaliwe. Bi Noti alikata uzi kwa meno, akachomeka sindano kwenye ukosi wa gauni lake, na hapo akajua kwamba mdogo wake amekwisha kufa.

Bendi haikusimama. Matarumbeta yalipandisha kipande cha mwisho, ngoma kubwa ikakifunga, na Kepteni wa bendi akatazama saa ya ukutani akasema warudie tangu mwanzo, maana tarumbeta ya pili inajikokota. Wakarudia. Walipofika kwenye kimya cha mapigo manne, mdogo wake akaitika tena, akachelewa tena.

"Umesikia?" Bi Noti alimuuliza Kepteni walipopumzika.

Kepteni alikuwa akijifuta jasho la shingo. "Nimesikia, mwalimu. Tangu wiki iliyopita nasikia. Nilidhani unajua."

Wimbo wenyewe ulikuwa wa Bi Noti. Alikuwa mwalimu wa muziki katika shule ya wasichana, mjane wa miaka hamsini na sita, na hilo jina la Noti alipewa na majirani kwa sababu alishinda mezani akiandika noti, nazo noti zenyewe, walisema, hata mwenye duka hazipokei. Yeye alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka siku hizo.

Nyumbani kwake walikuwa watatu. Yeye, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye watu walimwita Wino, kwa kuwa alikuwa mpiga chapa na vidole vyake havikutakata hata siku alipokwenda kuposa, posa yenyewe ikakataliwa, na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyeletwa pale na kisanduku cha bati akiwa na miaka kumi na miwili. Bi Noti ndiye aliyemsomesha huyo shemeji. Alimkatia kaptura za shule kutoka kwenye suruali za marehemu. Wino na Shemeji walilala kitanda kimoja mpaka wakaota ndevu, wakawa chanda na pete. Ukimwona mmoja barabarani ulitazama nyuma yake kumtafuta mwingine. Shemeji akaja kuwa mwalimu wa jiografia. Alikuwa na ulimi wa asali na kichwa chepesi, na wafanyakazi wa mji mzima walipoanza kugoma, yeye ndiye waliyemfuata awasemee.

Ndiye aliyekuja na maneno yale, jioni moja mezani.

"Shemeji, watu wana hasira lakini hawana mguu. Kila mmoja anatembea kivyake. Tutungie wimbo."

Bi Noti aliutunga kwa siku nne, nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, Wino akimpigia ngoma kwenye meza kwa viganja vyake vyeusi na kuchelewa kila mzunguko. Siku ya nne Wino akauliza swali.

"Sasa wee mama, sisi wa mbele tutajuaje kama wa nyuma bado wapo? Tukifika darajani tukageuka tukajikuta sita?" Alimwita "wee mama" ingawa alikuwa dada yake, kwa sababu mama yao alikufa mapema na yeye ndiye aliyemlea.

Bi Noti alifikiri, akachukua ufutio, akafuta mapigo manne ya tarumbeta na kuacha kimya. Wa mbele watanyamaza. Wa nyuma wataitika: Tupo. Kisha wimbo utaendelea. Shemeji alipousikia alimkumbatia dada mtu, akamkumbatia na mdogo mtu, akasema hakuna serikali itakayostahimili kitu kama kile.

Ikawa hivyo. Mji uliandamana kwa mguu mmoja kutoka kiwandani hadi darajani, na askari wa serikali ya zamani walipofyatua risasi, wimbo ulikuwa umefika kwenye kimya. Walikufa watu thelathini na mmoja. Bi Noti hakulala siku nyingi, maana miguu ile ilifika darajani kwa pigo lake yeye. Lakini wiki tatu baadaye serikali ya zamani ilianguka, watu wakacheza barabarani, na idadi ile, thelathini na moja, ikachongwa kwenye mnara wa jiwe jeupe ili isisahaulike.

Kwenye maadhimisho ya kwanza bendi ilipiga wimbo uwanjani. Wananchi walikuwa wamekaa majukwaani, hakuna aliyekuwa nyuma ya bendi ila majani. Ulipofika wakati wa kimya, waliokufa darajani waliitika kutoka kwenye yale majani: "Tupo." Sauti thelathini na moja, zimeshikana vizuri. Mama wa fundi cherehani, aliyempoteza mwanawe pale darajani, alimwambia aliyekaa naye kwamba mtoto bado ana mafua. Mjane mmoja alisema mumewe anasikika ameshiba. Kamati ya Maadhimisho ilipendezwa, na mwaka uliofuata jambo hilo likaingizwa kwenye ratiba iliyochapwa: Saa nne na robo, Mashujaa Kuitika.

Mwaka huo wa pili sauti zilikuwa arubaini na nne. Kepteni alizihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi ya mwongoza bendi, wala hakumwambia mtu, kwa kuwa mwenye watoto sita hawi na shingo ngumu. Lakini hata asiyejua kuhesabu aliisikia sauti ya mwoka mikate wa mtaa wa soko, naye mwoka mikate ilijulikana wazi kwamba amehamishiwa wilaya ya mbali. Watu walikwenda kununua mikate kwingine. Neno "amehamishwa" likaanza kusemwa polepole, huku msemaji akitazama viatu vyake.

Wino hakuhamishwa. Wino alipelekwa ng'ambo kusomea mitambo mipya ya uchapaji. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa amechapa karatasi ndogo, isiyozidi kiganja, yenye maneno mawili tu: "Uchaguzi lini?" Aliibandika kwenye nguzo za taa, akarudi nyumbani kula. Shemeji, ambaye sasa alikuwa Waziri, alikuja mwenyewe na gari nyeusi kumpeleka uwanja wa ndege. Alikaa kwenye meza yake ya zamani, akala, akamsifu mpishi. Bi Noti alikuwa akimfungia Wino mizigo. "Usisahau shati la mikono mirefu, shemeji," Waziri alisema akiwa na tonge mkononi. "Kule kuna baridi." Bi Noti akapiga pasi mashati mawili meupe. Wakaondoka, Wino ametangulia mlangoni kwa mara ya kwanza maishani mwake, akicheka.

Tangu hapo barua zilikuja kila mwezi, zimepigwa taipu, zikianza "Dada yangu mpendwa." Bi Noti alizisoma akajisemea kwamba ng'ambo humfunza mtu adabu.

Hayo yote aliyapitisha moyoni akiwa ukumbini, Jumanne ile. Kisha akamrudishia mpiga klarineti sare yake, akaenda wizarani.

Waziri alimpokea mlangoni, akamwamkia kwa mikono miwili. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

Ofisi ilikuwa pana, na ukuta mzima ulikuwa ramani, kwa kuwa mwalimu wa jiografia haachi jadi. Alimmiminia chai mwenyewe. Alikumbuka kwamba hatii sukari.

"Nimemsikia Wino," alisema Bi Noti.

"Hajambo. Wiki iliyopita ameandika. Baridi inamsumbua kidogo, lakini masomo..."

"Nimemsikia ukumbini. Kwenye kimya."

Waziri alikoroga chai yake. "Sauti husafiri, shemeji. Ng'ambo si mbali kama zamani."

"Kachelewa nusu pigo."

Hapo Waziri alicheka, cheko lake lile la mezani, la miaka ile. "Alikuwa hivyo hivyo! Hata siku ya..."

"Alikuwa?"

"Yuko," alisema Waziri. "Yuko hivyo hivyo."

Simu moja ililia mezani. Hakuipokea. Ikalia mpaka ikachoka.

"Mashati alipewa?" Bi Noti aliuliza.

"Mashati gani?"

"Mawili meupe. Niliyapiga pasi wewe umekaa unakula."

Waziri aliinuka akaenda kwenye ramani, akasimama akiitazama kama mtu anayetafuta mahali alipopajua zamani. Alipozungumza alizungumza kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomchoma Bi Noti kuliko maneno.

"Wewe ndiye uliyetufundisha, shemeji. Mmoja akienda kivyake, wimbo wote unaharibika."

"Sikuwafundisha kumtoa mtu. Niliwafundisha kumsubiri."

"Nilitaka kukuita, basi vizuri umekuja. Yale mapigo manne. Yajaze. Tia tarumbeta, tia ngoma, tia chochote utakacho. Kimya kile kinaleta maneno."

"Ni wimbo wangu."

"Ulikuwa wako. Sasa ni wa wananchi."

"Basi waambie wananchi wajaze," alisema Bi Noti, akakiacha kikombe kikiwa kimejaa, akatoka. Alikaa kwenye kidato cha tatu cha ngazi, mbele ya mlinzi, akalia kidogo bila sauti, akapenga, akaenda zake. Hakumlilia Wino siku hiyo. Wino alikuwa na wakati wake. Alililia zile kaptura.

Kepteni ndiye aliyejaza. Alikuja kumwambia mwenyewe, amesimama nje ya mlango na kofia mkononi. "Nina watoto sita, mwalimu." "Najua," Bi Noti alimjibu. "Tarumbeta ya pili usiipeleke juu sana, haifiki."

Wimbo uliojazwa ulipigwa kwa mara ya kwanza kwenye ufunguzi wa kinu cha unga. Ulikwenda moja kwa moja kama treni isiyo na kituo, na Kamati ikapongezana. Kisha Rais akasimama kuhutubia. Alisema, "Ndugu wananchi," akapumua, na katika pumzi ile sauti zikaitika: "Tupo." Rais alikuwa mtu wa kupumzika-pumzika katika hotuba ili apigiwe makofi. Siku hiyo aliitikiwa mara sitini. Waandishi wa hotuba zake wakaondoa nukta, kisha wakaondoa mikato, na Rais akajifunza kusema ukurasa mzima kwa pumzi moja, mpaka siku alipozirai akizindua daraja jipya. Sauti ziliingia redioni kati ya habari na hali ya hewa. Ziliingia bungeni, kati ya swali na jibu, ambako palikuwa na nafasi kubwa. Baada ya miezi mitatu Kamati ilikaa, ikaona ni heri ziwe na mahali pake pamoja panapojulikana kuliko kuzagaa ovyo, ikaamua kimya kirudishwe kwenye wimbo kama kilivyokuwa. Kepteni aliomba likizo ya vidonda vya tumbo. Daktari, aliyejua ana watoto sita, akamwongezea na siku za kuwatunza.

Ndipo Waziri akaja nyumbani kwa Bi Noti, Jumapili mchana, walinzi wawili wamebaki garini. Alikaa kwenye kiti chake kile kile. Bi Noti alimpakulia, kwa kuwa mgeni hupakuliwa. Akala akamaliza.

"Maadhimisho ya tatu tunataka uongoze bendi wewe," alisema. "Kama mtunzi. Ni heshima kubwa, na ni mimi niliyeipigania."

"Ahsante."

"Mapigo manne, shemeji. La tano lisiwepo."

"Nimesikia."

Waziri alimtazama. Alikuwa ameishi nyumba ile miaka kumi na saba, na alijua kwamba kwa Bi Noti kusikia ni kitu kimoja na kukubali ni kingine. Lakini pia alikuwa Waziri, na mtu akishakuwa Waziri huanza kuamini kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. "Usiniangushe," alisema. "Nimekulia meza hii."

"Nakumbuka."

Alipoondoka, Bi Noti aliosha sahani yake mara mbili. Kisha akatandaza karatasi za wimbo, akachonga penseli, na juu ya mapigo manne ya kimya akachora jicho: nusu duara, na nukta katikati. Wanamuziki wanaijua alama hiyo. Maana yake ni kwamba pale hapahesabiwi tena. Mtasubiri mpaka mkono wa mwongozaji ushuke.

Asubuhi ya maadhimisho mpiga klarineti alimfuata na karatasi yake. "Mwalimu, hili jicho ni la kweli?"

"Ni la kweli."

"Haya," alisema, akaenda kunywa maji kabisa.

Uwanja ulijaa. Kulikuwa na sheria, aliyoipitisha Waziri mwenyewe, kwamba wimbo ule unapopigwa kila mtu asimame wima, asisogee, na mwenye cheo aweke mkono kwenye paji la uso mpaka ngoma kubwa ifunge. Bi Noti alipanda kwenye kisanduku cha mbao akiwa na gauni lake la kijivu. Aliinua mikono, bendi ikaanza. Ilipiga vizuri. Hata tarumbeta ya pili haikujikokota. Wakafika kwenye kimya, na Bi Noti akauacha mkono wake wa kulia juu.

"Tupo," ziliitika zote pamoja, kama kawaida.

Pigo la nne likapita. Pigo la tano likafika, likakuta mkono bado uko juu. Waliokufa nao wanaijua alama ya jicho, au walieleweshwa, kwa sababu baada ya muda mfupi sauti moja ilisema peke yake, kwa mafua: "Nipo." Alikuwa yule fundi cherehani. Akafuata msichana wa kiwanda cha kiberiti. Akafuata mzee aliyekuwa akiuza magazeti stesheni. Waliitika mmoja mmoja, kwa mpangilio wa vifo vyao, bila haraka, kama watu kwenye foleni yenye adabu. Hakuna aliyehesabu kwa sauti, lakini idadi ilikuwa imechongwa kwenye jiwe na kila mtu aliijua, na wa thelathini na moja alipokwisha kusema, uwanja mzima ulisubiri kuona kama pale ndipo mwisho.

"Nipo," alisema wa thelathini na mbili. Huyo hakufa darajani. Alikuwa karani wa posta, na aliyemhamisha si serikali ya zamani.

Kisha mwoka mikate, kwa sauti ya mtu aliyeitwa katikati ya kazi. Kisha muuguzi. Kisha ndugu wawili mafundi bomba, waliozoea kuongea kwa mpigo mmoja na hata hapo hawakuachana. Majukwaani, kila sauti ilipotoka, palikuwa na mtu aliyesema polepole "ndiye," na jirani yake, kwa kuwa sheria ilikataza kusogea, hakuweza hata kumshika bega. Mke wa mwoka mikate alilia amesimama wima. Viongozi nao walisimama wima, mikono kwenye paji la uso. Mmoja alifumba macho.

Sauti ya sabini na tatu ilikuwa ya mwanamke aliyekuwa akifundisha chekechea. Baada yake hapakuwa na mwingine. Majani yalitulia. Mfuko wa plastiki ulikatiza uwanja, ukakwama kwenye mguu wa kinara cha bendera.

Wino hakuwa ameitika.

Mkono wa Bi Noti ulikuwa umekufa ganzi mpaka begani. Jua lilimpiga utosini. Wapiga tarumbeta walikuwa wameshika vyombo midomoni, jasho likiwadondoka kwenye kidevu, wakimtazama. Yeye alitazama jukwaa kuu, na kwenye jukwaa kuu shemeji yake alikuwa akimtazama yeye. Katika uwanja ule wote ni wao wawili tu waliojua anasubiriwa nani. Jasho lilimtiririka Waziri mpaka kwenye ukosi. Midomo yake ilisogea bila sauti. Bi Noti alikuwa amefundisha wasichana wanaonong'ona kwa miaka thelathini, na midomo aliisoma kama gazeti. Shusha, ilisema. Shusha, shemeji, nakuomba.

Hakushusha. Alimsubiri mdogo wake kama alivyomsubiri kwenye geti la shule, na kituo cha basi, na mezani, chakula kikipoa.

"Nipo, nipo," alisema Wino hatimaye, kama mtu aliyekuwa akikimbia. "Shusha mkono, wee mama, utakuuma."

Bi Noti akashusha mkono. Bendi ikaingia papo hapo, matarumbeta yakapandisha kipande cha mwisho, na ngoma kubwa ikafunga.

Waziri alishusha mkono wake, akafuta uso, akapanda kwenye kipaza sauti akasoma hotuba aliyokuja nayo, iliyohusu umoja. Watu walipiga makofi palipoandikwa kwamba watapiga makofi. Gazeti la kesho yake lilisema maadhimisho yamefana, na kwamba yalichukua dakika arubaini zaidi ya ratiba kwa sababu za kiufundi.

Mwanasheria wa serikali alifika nyumbani kwa Bi Noti na begi la vitabu, akakaa navyo siku mbili. Hakupata sheria inayosema kimya kiwe na urefu gani. Ikatungwa: kisizidi sekunde nne. Bi Noti mwenyewe alipewa barua ya kuhamishwa. Alifunga mizigo yake, akawaaga majirani, akaketi sebuleni asubuhi nzima na viatu miguuni akisubiri gari. Gari halikuja. Ikatokea kwamba ni kweli amehamishwa, kutoka somo la muziki kwenda somo la usafi. Akafungua mizigo, akaanza kufundisha kunawa mikono.

Waliosikia watu wao siku ile walikwenda kuomba vyeti vya vifo, wakaonyeshwa daftari lililoandikwa "amehamishwa," na mtu aliyehamishwa hana cheti. Mke wa mwoka mikate alivaa nguo ya msiba, akaambiwa na bwana wa mtaa kwamba inavunja moyo wananchi, akaivaa ndani ya nguo nyingine. Waziri alipandishwa cheo akawa Makamu. Barua za ng'ambo ziliendelea kuja, kila mwezi, kwa taipu. Katika moja Wino aliandika kwamba masomo yanakwenda vizuri na kwamba amepata rafiki wa kucheza naye bao. Bi Noti aliijibu. Aliandika kwamba hapa wote ni wazima, kwa kuwa hakujua huyo anayeziandika ni nani, na huenda naye alikuwa na watoto sita.

Nyumbani, kwa kodiani yake ya zamani, kinanda cha kuvuta kwa mikono, hapakuwa na sheria ya sekunde nne. Mtu wa kwanza alikuja Jumamosi moja alasiri kumuuliza kama anaweza kumpigia wimbo ule, ule wenye jicho. Mwanawe alikuwa amehamishwa. Bi Noti alipiga, akafika kwenye kimya, akashikilia. Hakuna aliyeitika, hata wale wa uwanjani, kwa kuwa si wao walioulizwa. Mama yule akashika kifua, akashukuru, akaondoka karibu akikimbia. Baada ya hapo walikuja kila Jumamosi. Aliweka benchi ndani ya mlango wa nyumba, kama kwenye zahanati, na watu walikaa wakisogea. Waliopata kimya kitupu waliondoka wamechangamka, wengine wakasahau miavuli. Waliojibiwa walikaa kidogo kwanza.

Mwezi wa nane aliingia mwanamke wa kama miaka thelathini, mtumishi wa idara ya maji, bado na kalamu nyuma ya sikio. Mumewe alikuwa dereva wa lori.

"Wameniambia amehamishwa Alhamisi," alisema.

"Alhamisi ipi?"

"Juzi."

Bi Noti alivaa mkanda wa kodiani begani, akapiga. Alipofika kwenye kimya alisimamisha mikono, na sauti ya mwanamume, nzito, karibu sana, kama ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha pili, ikasema, "Nipo."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa. "Ndiye," alisema.

Bi Noti alimletea maji. Aliyanywa yote, akarudisha glasi kwa mikono miwili. Akauliza kama kesho anaweza kuja na mama mkwe wake, maana yule mama ni mbishi, hatakubali mpaka asikie kwa masikio yake.

"Mlete," alisema Bi Noti. "Kesho sina kazi."

Mwanamke alishukuru, akatengeneza mtandio wake mbele ya kioo cha kabati, akatoka kwa mlango wa nyuma ili wale wa kwenye benchi wasimwone uso. Bi Noti alikaza mkanda wa kodiani, akaita anayefuata.